Tulibadilisha mafuta ya pont nyumbani: ilitoka mingi, ikaingia kidogo, nikaficha funguo ya gari

Wakuu, shalom.

Miye nasomaka tu humu, siandikake. Leo naandika juu ya kitu ilinichanganya kichwa wiki muzima, na kipande yake moja inanichanganya mupaka sasa.

Nitasema vile macho yangu iliona. Miye ni mama wa sala, siwezi kuja kudanganya watu sijue hata sura yao.

Kiswahili yangu ni ya Goma, mutavumilia. Na kuandika nilijifunza nikiwa mutu mukubwa, masomo ya jioni, kisha batoto kula. Kwa hiyo virgule, zile alama za kupumzikia, musitafute.

Bon.

Tuko na pickup. Siyo ile ya kupendeza ya kwenda nayo harusi. Ni ile ya nguvu, ya mizigo, chini yake nyuma kuko ile nyungu kubwa ya chuma yenye kugeuza matairi. Siye hapa tunaiita pont. Ninyi wa Dar nasikia munaita difu. Kitu ni kimoja.

Gari ni ya bwana yangu, Papa Neema. Inabeba makala na viazi kutoka Rutshuru. Yeye sasa iko Butembo kwa biashara, na dereva ni ndugu yake mudogo, shemeji yangu Bahati, mutu wa miaka thelathini na kitu, mwenye haraka kama mutu anafukuzwa.

Sasa sikieni shida yenyewe.

Mama yangu anaishi Kalengera, kule Rutshuru. Alianguka kwenye shamba ya maharagi, nyonga ikaharibika. Kwenye moto, ile pikipiki, hawezi kukaa. Kwenye bisi analia njia yote. Tulimutafutia rendez-vous ya kuonwa hapa Goma, siku ya kwanza, ndiyo Jumatatu, kwa munganga mumoja wa mifupa anapitaka tu na kuondoka. Ukimukosa, hakuna mutu anajua atarudi lini.

Njia ya kumuleta ilikuwa moja: pickup, kiti ya mbele, mito mbili chini yake, polepole.

Na pickup njo hiyo hiyo ilikuwa mugonjwa.

Wiki moja kabla ya hapo, Bahati alipita nayo kwenye maji kule mbele ya Mugunga, barabara ya Sake, mvua ilikuwa imenyesha sana. Maji ilifika nusu ya tairi. Toka siku ile pont ikaanza kulia, uuuuu, kama mutoto anaota ndoto mubaya. Bahati akafungua, akaingiza kidole. Mafuta ikatoka rangi ya chai ya maziwa.

Papa Neema akasema kwa simu: "Maji imeingia. Mubadilishe kabla ya kupanda Kalengera. Musipande na ile uji, mutaacha meno ya pont njiani."

Fundi wetu alihama. Mafundi wa mutaa wa Birere walisema turudie wiki ingine. Nikasema tutafanya nyumbani. Nimekaanga mandazi kwa mafuta maisha yangu yote, nitashindwa na ya gari?

(Kweli nilisema hivyo. Mutaona.)

Siku ya ine, Alhamisi, Bahati akazungusha gari kwenye quartier, mutaa wetu, ili mafuta ipate moto, ikiwa ya baridi haitoke muzuri. Akaiingiza kwenye parcelle, kiwanja cha nyumba yetu, kichwa kwa nyumba, mukia kwa mulango wa nje. Nikasema tuombe kabla ya kushika spana yoyote.

Nikaomba kwa ajili ya gari. Nikaomba kwa ajili ya mama. Nikaomba kwa ajili ya mikono ya Bahati. Nilipofika kumuombea munganga, Bahati akafungua jicho moja:

"Mama Neema, fupisha. Pont inapoa."

Amina.

Kuko jirani yetu, Muzee Paluku, Munande wa Butembo. Aliendesha makamio, yale malori makubwa, miaka mingi, sasa anakaa karibu na ukuta wetu wa mawe na radio yake, anahukumu dunia. Bahati aliingia chini ya gari, akashika bouchon ya chini, kile kizibo cha kumwaga. Muzee akapiga kelele:

"Eh! Fungua ya juu mbele, kwanza ya juu! Ukimwaga kisha ya juu ikatae kufunguka, utajazia wapi? Kwa masikio?"

Bahati akaanza na ya juu. Iliteta sana, lakini ikaachia. Wakuu, hiyo muichukue bure: ya juu mbele.

Kisha tukafungua ya chini. Nilikuwa nimeweka basani yangu ya bulu, ile naoshaka maharagi, Mungu anisamehe. Mafuta ikashuka muzito, na harufu yake mutu hawezi kusahau. Kizibo cha chini kiko na sumaku, na juu ya sumaku kulikuwa matope ya rangi ya majivu. Nikaogopa, nikafikiri pont imekufa.

Muzee akaomba aone. Akasugua kwa vidole.

"Hii ni unga. Chuma inasagana kidogo kidogo, ni kawaida. Ungeona kipande kama jino, hapo njo ungelia."

Sasa miye niko mutu wa kupima. Ile mafuta ya zamani nikaimimina kwenye chupa za maji, zile za litre moja na nusu. Zikajaa mbili. Nikasema sawa, tunajua sasa: mbili zimetoka, mbili zitaingia.

Tukasafisha sumaku, tukaweka jointi mupya, ile pete ya kuzuia mafuta isivuje, tukafunga ya chini.

Mafuta mupya, quatre-vingt-dix, ile ya namba tisini, nilipima chupa mbili kamili; ilikuwa nzito kama asali. Nikaweka bidon, dumu lake, kwenye maji ya moto kidogo ili ilegee. Bahati akapanda juu kwenye karoseri na chupa iliyokatwa na mupira, miye nikalala chini na taa ya simu na kisahani cha kukinga, naangalia lile tundu la juu. Sheria ya pont, kila mutu anasema hivyo: unajaza mupaka ianze kutoka kwa tundu la juu. Ikitoka, imejaa. Unafunga, unaenda.

"Bado?" Bahati anauliza.

"Bado."

"Bado?"

"Bado... eh! Inatoka! Simamisha!"

"Inatoka namna gani? Bidon ingali na mafuta."

"Inatoka, nakuambia! Inaniingia kwenye kitambaa!"

Tukangoja. Ikatoka, ikatoka, ikawa uzi, ikasimama. Bahati akafunga bouchon, akajipiga mikono, akasema kazi imekwisha.

Miye nikaenda kuangalia ile ilibaki, na ile iliniangukia kwenye kisahani. Karibu nusu litre haikuingia.

Mbili zimetoka. Mbili nzima hazikuingia.

Wakuu, hapo njo kichwa yangu ilianza kuzunguka.

Tundu ni lile lile. Pont ni ile ile. Nyungu ikitoa maji ya chupa mbili, itakubali maji ya chupa mbili. Mupaka nyungu yenyewe ikuwe imepunguka. Chuma inapungukaka?

Nikaita Papa Neema.

"Ile imezidi ilikuwa maji," akasema. "Si nilikuambia maji iliingia? Umetoa mafuta na maji, umerudisha mafuta peke yake. Kwisha."

Ilikuwa na akili. Nikatulia dakika kidogo tu. Kisha nikawaza: maji iliingia wapi kama ndani ilikuwa tayari imejaa? Si ingekuwa imetokea kwa pumzi ya juu, kile kitundu cha hewa? Nikamuuliza. Akasema réseau ya simu ni mubaya.

Muzee Paluku yeye alisema mafuta mupya inakawia kufika kwenye pembe za ndani, tungoje. Tukangoja. Tukafungua tena. Ikatoka tone.

Bahati akasema: "Weye na vipimo vyako vya mandazi. Gari haiko unga."

Asubuhi nikaangalia zile chupa za mafuta ya zamani. Kama ni maji, itajitenga, itashuka chini, maji haipendake mafuta. Kweli ilishuka, lakini kidole kimoja tu. Muzee akasema ingine ingali imejificha ndani ya mafuta. Inawezekana. Miye sijui. Lakini nusu litre ijifiche yote?

Bahati alikuwa amekwisha kuvaa koti ya safari.

"Nipe funguo, Mama Neema. Tupande leo, turudi leo."

Funguo nilikuwa nimeifunga kwenye kona ya kitenge yangu.

"Sitoe."

"Namna gani hautoe?"

"Mupaka nielewe ile nusu litre iko wapi."

Akacheka, kisha akaona sicheki. Akaita kaka yake, akaweka simu kwenye haut-parleur, parcelle muzima isikie.

"Mwanamuke," Papa Neema akasema, "gari ni yangu."

"Gari ni yako, Papa Neema. Mama ni wangu."

Hata radio ya Muzee ni kama ilijipunguza.

Musifikiri nilikuwa na nguvu. Nikikataa bure, mama anakosa munganga, na ni miye nimemukosesha. Nikikubali, pont inakauka pale kwenye milima, tunabaki njiani na mutu mukongwe hawezi hata kushuka kukojoa peke yake. Upande gani ni wa imani na upande gani ni wa kichwa nguvu, sikujua.

Nikaingia chumbani nikapiga magoti. Nikasema: Bwana, ni Weye unanizuia, ao ni miye najisumbua? Niambie kitu moja ya kueleweka.

Hakuna kitu nilisikia. Nilisikia batoto nje wanauliza mandazi.

Basi nikaenda kupika. Mutu akichanganyikiwa, batoto bado watakula.

Nikawasha mbabula, ile jiko ya makala, fasi yangu, mahali pale pale pa kila siku kwenye parcelle. Nikaweka sufuria, nikatia mafuta. Nikanyoosha mukono kutafuta jiwe yangu.

Hapa nieleze. Kuko jiwe moja ya volcan, ule mulima wa moto, nyeusi, sawa na ngumi, tundu tundu. Naiwekaka chini ya muguu wa mbabula, upande wa ziwa. Toka tulihamia kwenye parcelle ile. Nisipoiweka, mafuta inakimbilia upande moja, mandazi za upande ingine zinashika sufuria. Siwazake hata. Mukono inaenda yenyewe, sawa vile mutu anafunga kitambaa ya kichwa.

Jiwe haiko.

Mafuta ikakimbilia upande wa ziwa. Mandazi ya kwanza ikaungua upande, nusu iko nje kama mutu anaoga miguu tu.

"Nani alibeba jiwe yangu?"

Nikaongeza sauti.

"Jiwe yangu ya mbabula! Nani aliibeba?"

Bahati, bado amenuna, akajibu kutoka kwa mulango:

"Iko nyuma ya tairi. Jana gari ilitaka kuteremuka, nikaizuia nayo."

Wakuu.

Nilibaki na kijiko hewani.

Gari ilitaka kuteremuka. Kwenye parcelle yangu. Parcelle nasemaka kila siku iko sawa kama meza.

Nikaangalia sufuria: mafuta yote iko upande wa ziwa. Nikaangalia gari: kichwa kwa nyumba, mukia upande wa ziwa. Nikakumbuka lile tundu la juu: liko mugongoni mwa pont, upande wa nyuma. Upande wa ziwa.

Mandazi zikaungua zote. Sikujali.

"Bahati! Kuja hapa. Kuja uone!"

"Nione nini, mandazi?"

"Angalia mafuta! Imeenda wapi?"

Akaangalia. "Imeinama."

"Na pont?"

Akaangalia gari, akaangalia sufuria. Akaenda nyuma ya gari, akainama, akasimama. Koti yake ya safari ikawa ni kama imemukuwa kubwa.

"Oh, Mungu," akasema. "Ilikimbilia kwa tundu kabla ya kujaa."

Njo hivyo. Haikuwa imejaa. Ilikuwa inamwagika tu, kama kikombe umekiinamisha. Ya zamani ilitiwa garage, fasi ya sawa, njo maana ilikuwa mingi.

Goma muzima inashuka kutoka volcan kuelekea ziwa, kila mutu wa hapa anajua. Lakini tunajenga juu ya lava, tunaponda, tunasawazisha ya nyumba, tunazoea. Macho inakubali. Mukono yangu ilijua kila asubuhi, kichwa haikuuliza.

Muzee Paluku akacheka mupaka akakohoa.

"Pardon, Mama Neema. Miye miaka yote radio yangu inaanguka kwenye ukuta huu, nafukuza kuku bure!"

Sasa shida ingine: tuipeleke wapi? Wakuu, tafuteni fasi ya sawa Goma, mutaniambia. Avenue inainama. Kwa Muzee inainama. Bahati akasema station ya mafuta. Tukaenda kuangalia na sahani ya maji, inainama, na wenye station wakatuangalia kama wagonjwa.

Mwisho nikakumbuka uwanja wa kanisa letu, ile ya ciment, fasi chorale, kwaya yetu, inazoeza hatua. Nikamuomba Pasta. Akauliza kama ni ya kubariki gari. Nikasema ni ya kujaza pont. Akafikiri, akasema kila kitu ni kazi ya Bwana, lakini musimwage hata tone.

Tukaenda polepole. Nikaweka basani ya maji chini. Maji ikashika ukingo sawa, pande zote. Nikatandika karatasi, nikalala chini.

"Bado?"

"Bado."

"Bado?"

"Bado, mimina!"

Ile nusu litre ikaingia. Ikaingia karibu yote. Kisha ikatokea kwa tundu polepole, uzi mwembamba.

Nikasema amina nikiwa chini ya gari, mafuta kwenye shingo, na bamama wawili wa chorale wanauliza kama Mama Neema amegongwa.

Kesho yake, kisha salongo kwisha, ile kazi ya usafi ya Jumamosi asubuhi, na barabara kufunguliwa, tukapanda. Bahati aliendesha kama amebeba mayai. Ile uuuuu haikusikika tena. Tuliposimama njiani nikashuka, nikagusa pont: joto ya kawaida. Bahati akasema, "Umuombee na huyu pont." Nikamuombea. Siku ile hakusema nifupishe.

Mama tulimukuta kwenye mulango, amekwisha kuvaa, kifurushi kwenye magoti. Alisema tumechelewa siku moja. Nikasema ndiyo. Hakuuliza sababu, na miye sikuwa najua nianzie wapi.

Tulifika nyumbani kungali jua. Papa Neema akaita, nikamueleza yote. Akasema, "Kwa hiyo ile haikuwa maji." Hiyo kwa bwana yangu ni pardon kubwa, wanamuke humu wataelewa.

Tukamukalisha mama nje kwenye kiti, tukamupa chai. Batoto wanamuzunguka. Hata hakumeza mara mbili, akashika kiti kwa mikono, uso ukakunjika kwa maumivu ya ile nyonga.

"Mwana wanjye," akaniambia, "hii kiti inanimwaga. Mulete jiwe."

Bahati aliniangalia. Miye nikamuangalia. Muzee Paluku kwenye ukuta akazima radio kabisa.

Mutu amekaa kwetu mara ya kwanza, hajamaliza hata chai.

Siku ya kwanza tulifika kwa munganga mbele ya saa. Alimupokea. Sasa iko hapa kwangu, anajifunza kutembea na fimbo mbili, anatukana kila mutu, ni muzima.

Nilichojifunza: pont ipimie fasi ya sawa, na sawa usiipime kwa macho, pima kwa maji. Fungua ya juu mbele. Na kama hesabu haikai, mutu asikuambie hesabu ni ya mandazi.

Lakini bado kuko vitu viwili sielewi, njo maana nimeandika.

Kwanza, wenye kujua magari: mafuta ya moteri, ya injini, miaka yote tunapimia kwenye parcelle ile ile, na kile kijiti cha kupimia. Je, kijiti chenyewe kimekuwa kinatudanganya muda wote? Bahati anasema tuache, ameogopa kuangalia.

Pili, wenye sala. Nilimuuliza Mungu, akanyamaza, kisha jiwe ikapotea. Miye naona ni jibu. Bahati anasema siyo Mungu alibeba jiwe, ni yeye, ili gari isiingie kwenye mulango wa jirani. Tunabishana mupaka leo. Ninyi munaonaje?

Andikeni, nasoma yote. Sasa naenda kutafuta jiwe ingine ya mbabula, kwa sababu ile yangu iko chini ya kiti cha mama, na amekataa kuirudisha.